Katoni Chini ya Stout

Hapa Ndosho ardhi ni volkano iliyoganda,
nyeusi tangu kabla ya gari la kwanza.
Mafuta yakidondoka, jiwe linayameza
na halisemi kitu.
Ndiyo maana nalaza katoni.

Katoni ya sabuni, nimeipasua ikawa mkeka,
nikaisukuma kwa mguu chini ya Stout ya Mama Kavugho,
gari la kabichi, Sake kwenda na kurudi,
mlango mmoja buluu, wa pili umetoka gari jingine.
Nikaandika kwa kalamu: MBELE. NYUMA.
Nikaenda kulala.

Asubuhi nikasoma.
Doa la hudhurungi, pana kama sahani,
chini ya pale moteri inapopeana mkono na giaboksi.

Palepale pa mwaka jana,
nilipomwambia: Mama, ni sili ya nyuma,
nikashusha giaboksi kwa kamba na vijana watatu,
siku mbili mgongo juu ya mawe,
nikapokea dola zake themanini
na kumkabidhi ufunguo kifua mbele.
Wiki tatu tu
akaanza tena kununua lita moja kila safari.
Hakunigombeza. Dumu la mafuta aliliweka kitini
akalifunga mkanda, kama abiria.

Leo nimeosha moteri kwa mafuta ya taa na mswaki
hadi namba za kiwandani zikafufuka.
Kisha unga wa muhogo,
unga wa nyumbani, Kahindo hajui bado,
nikaupuliza kutoka kiganjani
mpaka chuma kikawa kama mtu aliyetoka kinuni.
Washa, nikamwambia Muhindo. Iache ingurume.
Tukachuchumaa na tochi ya simu.

Dakika ya saba
chini bado pakavu, nyuma pakavu,
na juu kabisa, pembeni mwa kifuniko cha vali,
upande wa kabini ambako jicho halifiki,
mstari mwembamba ukaanza kuloa,
ukashuka kwa adabu, ukakwepa boliti,
ukafuata mshono wa chuma
hadi nyuma, hadi chini,
hadi pale nilipoapia.

Chanzo kitafute juu, doa litakudanganya:
maneno hayo nimemfundisha kila kijana
aliyewahi kunishikia spana.

Nikafungua kifuniko. Gasketi ya koki
imepasuka kama kisigino cha kiangazi,
na boliti zimekazwa kwa hasira.
Mkono huo naujua.
Nilizikaza mimi, siku ile ya kumaliza,
nikiogopa kuacha kitu kimelegea.

Gasketi, dola sita, Birere.
Nikakwangua mabaki kwa wembe,
nikanyoosha midomo ya kifuniko kwa nyundo ya mbao,
nikakaza kwa vidole, halafu robo ya mzunguko,
kutoka kati kwenda kando,
jinsi unavyomfunga mtoto kitambaa kichwani.
Robo. Basi.

Mama Kavugho alipofika na dumu lake
maneno niliyoyapanga yakamwagika.
Nikamwonyesha unga, nikamwonyesha mstari.
Nikasema: sili ile haikuwa na kosa. Kosa ni langu.
Leo nina ishirini, zilizobaki kila Jumamosi.
Aliutazama mstari kitambo,
akaugusa, akanusa kidole.
«Huu ni unga wa muhogo?»
Ndiyo, mama.
«Na mke wako anajua?»

Usiku nikalaza katoni mpya.
Asubuhi, nyuma pakavu. Kati pakavu.
Mbele, chini ya pampu ya maji,
tone moja la kijani,
bichi kama jani la kabichi.
Nikalizungushia duara kwa kalamu
nikampigia simu kabla sijanawa.